Bustani ya Kijijini Uingereza: Pambo la Macho au Haki ya Mnyonge?

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Kibarua wa mashambani nchini Uingereza katika karne ya kumi na tisa hakuijua methali hii, lakini aliiishi. Alirejea jioni kutoka katika shamba la tajiri, akala mlo wake mmoja wa moto wa siku, kisha akachukua beleshi na kwenda kulima kipande chake mwenyewe hadi giza lilipoingia. Usiku wa mbalamwezi aliendelea. Hakuwa akitafuta burudani wala kunyoosha viungo. Alitafuta viazi vya kuwavusha wanawe katika majira ya baridi.

Leo anayetaja bustani ya nyumba ndogo ya kijijini Uingereza huleta akilini taswira nyingine kabisa: mawaridi yanayotambaa juu ya mlango, lavenda kando ya kijia cha mawe, nyuki, na mwanga mwanana wa alasiri. Taswira hiyo imechapishwa katika kalenda, mikebe ya biskuti na kadi za salamu hata imeaminika kuwa ndiyo historia yenyewe. Makala haya yanashikilia kuwa hiyo ni nusu tu ya historia. Nusu iliyofichwa ni ile ya ardhi, njaa na haki ya mtu asiye na shamba kupata mahali pa kulima, nayo ndiyo inayostahili kulindwa kwanza. Anayelisifu ua akausahau udongo atajikuta siku moja amevikosa vyote viwili.

Ardhi iliyozungushiwa ua

Bustani hizi haziwezi kueleweka pasipo kuelewa jinsi ardhi ya Uingereza ilivyobadilisha wenyewe. Kabla ya mageuzi hayo, vijiji vingi vilikuwa na ardhi ya pamoja. Ardhi hiyo aghalabu ilikuwa na mmiliki kisheria, lakini mwanakijiji maskini alikuwa na haki zake juu yake: kulisha ng'ombe mmoja au mabata bukini wachache, kuokota kuni, na kuchimba mboji ya kuwasha moto. Haki hizo hazikumfanya tajiri, bali zilimzuia asiwe mtumwa wa ujira peke yake.

Kati ya mwaka 1604 na 1914, Bunge la Uingereza lilipokea miswada zaidi ya 5,200 ya kuzungushia ua ardhi za aina hii. Miswada hiyo iligusa takriban ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya nchi yote. Watetezi wake walidai kuwa kilimo kingeendelea na mavuno yangeongezeka, na katika mashamba mengi mavuno yaliongezeka kweli. Lakini mavuno yaliyoongezeka hayakuingia katika ghala la yule aliyepoteza malisho ya ng'ombe wake. Mshairi John Clare, aliyezaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, alishuhudia sheria ya kuzungushia ua kijiji chake ikipitishwa mwaka 1809. Yeye mwenyewe alikuwa kibarua, na aliwahi kufanya kazi katika bustani ya jumba la Burghley. Msiba huo ukawa mojawapo ya mada kuu za ushairi wake. Clare aliyajua maua ya mwituni kwa majina yake ya kijijini, na alijua pia ni nani aliyezuiwa kuyafikia.

Mwanakijiji alipopoteza ardhi ya pamoja, kilichobaki mikononi mwake kilikuwa ule ukanda mwembamba uliozunguka nyumba yake, na mara nyingi hata nyumba yenyewe haikuwa yake. Hapo ndipo bustani ya kijijini ilipobeba mzigo mpya, ikawa shamba, zizi, duka la dawa na akiba ya familia. William Cobbett, mwandishi aliyewatetea wafanyakazi wa mashambani, alichapisha kati ya mwaka 1821 na 1822 kitabu cha mafunzo ya uchumi wa nyumba hizo. Alifundisha kuoka mkate, kupika pombe ya shayiri na kufuga nguruwe. Cobbett aliichukia chai na alikichukia kiazi, kwani alikiona kiazi kuwa chakula cha kumzoesha maskini umaskini wake. Msomaji anaweza kumcheka, lakini hoja yake ilikuwa nzito: namna mtu anavyolima nyuma ya nyumba yake huonyesha kiwango cha uhuru wake.

Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza waliasi, wakavunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma malundo ya nyasi. Baada ya ghasia hizo, wamiliki wengi wa ardhi waliona heri kuwakodishia maskini vishamba vidogo kuliko kuwaacha na njaa na hasira. Hivyo basi, kishamba cha mgao hakikuzaliwa na huruma peke yake. Kilizaliwa pia na hofu. Sheria zilifuata pole pole. Ya mwaka 1845 ilitaka sehemu fulani ya ardhi iliyozungushiwa ua itengewe maskini, nayo ya mwaka 1887 ikazipa mamlaka za mitaa jukumu la kutafuta vishamba palipokuwa na uhitaji. Ile ya mwaka 1908 ndiyo iliyoweka msingi wa jukumu hilo kama lilivyo sasa. Sheria ya mwaka 1925 nayo ikakataza halmashauri kuuza ardhi iliyonunuliwa au kutengwa kwa ajili ya vishamba pasipo idhini ya waziri. Kwa mintarafu hii, mtu anayepanda kabeji zake leo pembezoni mwa mji wa Uingereza anasimama juu ya karne nzima ya mapambano ya kisheria, hata kama hajui.

Kazi iliyokuwa nyuma ya maua

Maelezo bora zaidi ya maisha ya bustani hizi yanapatikana katika maandishi ya Flora Thompson, aliyezaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, mkoani Oxfordshire. Kitabu chake cha kwanza kuhusu kitongoji hicho kilitoka mwaka 1939, nacho kinasawiri miaka ya 1880. Nguruwe alikuwa kiungo muhimu katika mfumo mzima. Alilishwa maganda ya viazi, masalio ya jikoni na magugu. Samadi yake ikarudishwa udongoni. Na alipochinjwa, nyama yake iliyokaushwa kwa chumvi iliilisha familia kwa miezi. Kishamba cha mgao kiligawanywa sehemu mbili, moja ya viazi na nyingine ya ngano au shayiri. Hakuna kilichotupwa.

Kazi hiyo ilikuwa na mipaka yake ya kijinsia. Mboga zilikuwa za wanaume. Wanawake wa kitongoji hicho hawakulima viazi, kwa kuwa jamii iliiona kazi hiyo kuwa isiyowafaa. Wao walikuwa na kona ya maua na ya mimea ya dawa na viungo. Mtu anayeyatazama maua yale kama anasa asiyekuwa nayo maskini anakosea. Mikarafuu ya bustanini, lavenda na mawaridi ya zamani yalipandwa kwa vipandikizi vilivyopitishwa juu ya ua kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, bila senti kutolewa. Mama aliyeomba kijitawi alitarajiwa kurudisha kingine msimu uliofuata. Kwa njia hii aina nyingi za mimea zilihifadhiwa vijijini baada ya matajiri kuzitupa kwa kufuata mitindo mipya. Hata siku za kulima zilifuata maisha ya kibarua: ilikuwa desturi iliyoenea kupanda viazi siku ya Ijumaa Kuu, siku ya mapumziko na siku ambayo udongo unaanza kupata joto.

Isitoshe, wafanyakazi hawa walikuwa wataalamu. Katika kijiji cha Egton Bridge, mkoani Yorkshire, kuna mashindano ya tunda la gusberi, tunda dogo la kichaka chenye miiba, yaliyoanzishwa mwaka 1800, nayo hupima uzito wa tunda mojamoja kwa mizani nyeti. Wachimba makaa ya mawe wa kaskazini mashariki walishindania unene wa vitunguu vya liki kwa bidii ambayo wengine huiweka katika kandanda, na wafumaji wa Lancashire walizalisha aina mpya za maua karibu na vitanda vyao vya kufumia. Mfano bora kuliko yote ni wa George Russell, mtunza bustani wa vibarua vidogo vidogo mjini York. Kwa takriban robo karne, katika vishamba vyake vya mgao, aliteua na kung'oa, akateua na kung'oa, mpaka akapata lupini zenye rangi ambazo hazikuwa zimeonekana kabla. Zilipoonyeshwa mwaka 1937, wataalamu wenye vyeti walishangaa. Russell hakuwa na chuo wala maabara. Alichokuwa nacho ni subira, jicho kali na kipande cha ardhi ambacho sheria ilimhakikishia.

Picha ilipoifunika kazi

Taswira ya mawaridi mlangoni ilichorwa kwa kiasi kikubwa katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Helen Allingham alichora kwa rangi za maji nyumba ndogo za Surrey, wanawake wenye aproni nyeupe na watoto langoni. William Robinson, katika kitabu chake kuhusu bustani ya maua ya Kiingereza cha mwaka 1883, alishambulia vitanda vya maua vilivyopangwa kama zulia katika majumba ya wakubwa, akasifu upandaji wa asili zaidi. Gertrude Jekyll, aliyefanya kazi bega kwa bega na msanifu majengo Edwin Lutyens, alikiri wazi kwamba alijifunza mengi kutoka kwa bustani za wanakijiji, kisha akayapeleka maarifa hayo katika nyumba za wenye nacho.

Si haki kuwalaumu watu hawa kwa kupenda walichokiona. Waliokoa mimea, wakaandika maarifa, na wakaipa heshima sanaa ambayo haikuwa na jina. Hata hivyo, safari hiyo kutoka kibandani hadi jumbani ilikuwa na gharama. Nguruwe aliachwa nyuma. Viazi viliachwa nyuma, na choo cha nje kilichorutubisha vitanda vya mboga hakikuchorwa na mtu. Kilichofika ni rangi. Baadaye nyumba zenyewe zilifuata njia ile ile: leo katika vijiji vingi vya kuvutia, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kibarua hununuliwa na mtu wa mjini anayefika mwishoni mwa juma, naye kijana aliyezaliwa pale hana uwezo wa kuikodi. Bustani inapendeza kuliko wakati wowote, ilhali aliyekuwa akiilima ameondoka.

Kuna pia upande wa kutia moyo ambao mtazamaji mwadilifu hawezi kuupuuza. Mwaka 1927 ulianzishwa mpango wa kitaifa wa kufungua bustani za watu binafsi kwa umma ili kuchangisha fedha za wauguzi waliowatembelea wagonjwa majumbani. Bustani 609 zilifunguliwa mwaka huo kwa kiingilio cha shilingi moja, na zaidi ya pauni 8,000 zikapatikana. Mpango huo ungali hai. Vijiji vizima hufungua malango yao siku moja ya kiangazi, chai na keki zikauzwa katika ukumbi wa kijiji, na mgeni akaruhusiwa kuuliza jina la kila mmea. Hapo bustani hurejea kuwa kile ilichokuwa awali, yaani kitu kinachowaunganisha majirani.

Uenyeji wa wageni

Wapo wanaoitumia bustani hii kama kielelezo cha Uingereza safi, isiyochanganyika na chochote cha nje. Hoja hiyo huanguka mara tu mtu anapoikagua mimea yenyewe. Kiazi kilitoka Amerika Kusini. Maharagwe yanayopandishwa juu ya fito, yenye maua mekundu, yalitoka Amerika ya Kati. Lupini aliyoiboresha Russell ilitokana na mmea ulioletwa kutoka magharibi mwa Amerika Kaskazini na David Douglas mwaka 1826. Hata vyungu vya maua mbele ya nyumba vina habari inayomhusu msomaji wa Afrika Mashariki. Ua dogo linalopendwa sana huko, wanaloliita Busy Lizzie, ni mwenyeji wa pande hizi za Afrika. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza visiwani Unguja, alilituma katika bustani ya Kew, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akalipa jina la kisayansi la kumuenzi Sultani wa Zanzibar. Jina hilo limekwisha kupitwa na lingine, lakini ua limebaki milangoni.

Wanafunzi wa Kiswahili hawapaswi kushangazwa na hali hii. Wameshasikia mara nyingi madai kwamba lugha yenye maneno kama bustani, lenye asili ya Kiajemi, na waridi, lenye asili ya Kiarabu, haiwezi kuwa ya Kiafrika halisi. Jibu la wanaisimu ni kwamba lugha hutambuliwa kwa sarufi yake, si kwa asili ya kila neno. Bustani ya kijijini hutoa jibu hilo hilo kwa udongo: kinachoifanya kuwa ya Kiingereza ni namna ya kuitunza, kuigawana na kuirithisha. Cheti cha kuzaliwa cha mimea yake hakihusiki.

Hatari iliyopo

Mwaka 2015 shirika la kifalme la kilimo cha bustani nchini humo lilitoa takwimu za kusikitisha: zaidi ya bustani milioni 5 za mbele ya nyumba hazikuwa na mmea hata mmoja. Sababu kuu inajulikana. Magari yanahitaji mahali pa kuegeshwa, na saruji haihitaji palizi. Matokeo yake nayo yanajulikana. Maji ya mvua ambayo yangefyonzwa na udongo hukimbilia barabarani. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2007, serikali iliweka kanuni mwaka 2008 inayomtaka mwenye nyumba nchini Uingereza kuomba kibali akitaka kufunika zaidi ya mita 5 za mraba za bustani ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji. Kanuni ni nzuri, lakini haiwezi kurudisha kilichokwisha kufunikwa.

Vishamba vya mgao navyo vimepungua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kampeni ya kuhimiza wananchi kulima kwa ajili ya ushindi ilipoanza mwaka 1939, idadi yavyo ilipanda hadi kupita milioni 1. Leo hukadiriwa kuwa takriban 330,000. Kishamba kamili kina ukubwa wa mita za mraba 250 hivi, lakini halmashauri nyingi hukigawa nusu au robo ili kupunguza foleni ya waombaji, ambayo katika baadhi ya mitaa ya London huchukua miaka mingi. Janga la korona la mwaka 2020 liliirefusha foleni hiyo, kwani waliofungiwa nyumbani waligundua upya thamani ya udongo.

Watetezi wa maendeleo husema kwamba nchi ina uhaba wa nyumba, na kwamba si busara kuhifadhi vitanda vya mboga wakati familia zinakosa makao. Hoja hii si ya kubezwa. Hata hivyo, inaweka nyumba na bustani kwenye mizani kana kwamba moja lazima imle mwenzake. Historia ya vijiji vya Uingereza inafundisha kinyume: nyumba ya maskini ilikuwa makao kamili pale tu ilipokuwa na mahali pa kulima. Wengine husema kuwa kilimo hiki sasa ni starehe ya waliostaafu, kwani maduka makubwa yamejaa mboga za bei nafuu. Jibu ni kwamba starehe hiyo ingali inazaa chakula, na kwamba bei nafuu haina ahadi ya kudumu. Aliyeshuhudia rafu tupu za maduka mwaka 2020 hahitaji kuelezwa zaidi. Ukweli ni kwamba anayedai vishamba hivi ni starehe aghalabu ni yule mwenye bustani kubwa nyuma ya nyumba yake.

Hitimisho

Kwa msomi wa Kiswahili, suala hili lina funzo la kitaaluma pia. Fasihi ya Kiingereza imejaa bustani, na mfasiri huandika bustani kila anapokutana nazo. Kiswahili kina hazina pana kuliko hiyo: kuna kiunga chenye miti ya matunda, konde la chakula, kitalu cha miche, na shamba lenyewe. Nyumba ndogo ya kijijini Uingereza ilivikusanya vyote hivyo katika hatua chache za udongo. Mfasiri atakayeteua neno bila kujua ni nani aliyeshika beleshi, na ardhi ilikuwa ya nani, ataendeleza picha ile ile ya mkebe wa biskuti.

Kwa Waingereza wenyewe, funzo ni zito zaidi. Sheria ya mwaka 1908 na ile ya mwaka 1925 zilimpa mtu asiye na ardhi kitu ambacho soko lisingempa kamwe. Halmashauri inayosita kutafuta ardhi mpya, au waziri anayeidhinisha mauzo kwa wepesi, hurudia kwa kalamu kile ambacho nyua za zamani zilifanya kwa vigingi. Mawaridi yataendelea kupigwa picha hata hivyo, na watalii wataendelea kuja. Lakini uhai wa utamaduni huu hauwezi kupimwa kwa wingi wa maua mlangoni mwa mwenye nyumba. Utapimwa kwa siku ambazo mtu asiye na nyumba yake mwenyewe atalazimika kusubiri kabla ya kupewa kipande cha udongo cha kupanda viazi vyake.